Wajapani walibaki na tempura, sisi tukabaki na gereza

Hebu tuanze na mwaka 1587, manake nikianza na bei ya kamba mtanikimbia.

Januari ya mwaka huo kulikuwa na vijana wanne wa Kijapani waliokwama Kisiwa cha Msumbiji wakisubiri upepo wa kuwapeleka Goa. Mancio Itō, Miguel Chijiwa, Julião Nakaura na Martinho Hara. Waliondoka Nagasaki 1582 wakiwa watoto tu, miaka kumi na tatu, kumi na nne hivi, wakapelekwa Ulaya na mapadri wa Kijesuiti, wakafika Roma 1585 wakaonana na Papa Gregory XIII. Sasa walikuwa njiani kurudi kwao. Yaani fikiria: vijana wa umri wa wengi mnaonisoma, wamekaa miezi pwani ya Afrika Mashariki, wanaangalia bahari hii hii yetu, wanakula sijui nini.

Mwezi huo huo, mbali kaskazini mwa pwani hiyo hiyo, msafara mwingine wa Wareno ulikuja na kaskazi kutoka Goa mpaka Faza, kisiwani Pate. Kiongozi wake Martim Afonso de Melo. Kosa la Faza lilikuwa kumkaribisha nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, aliyepita huku akiwaambia watu wa pwani kuwa Mreno anaweza kufukuzwa. Wareno waliua watu, wakachoma mji, wakafyeka minazi kwa maelfu. Mtawala wa Faza aliuawa na kichwa chake kikapelekwa Goa. Miaka miwili baadaye, 1589, zamu ikawa ya mtawala wa Lamu mwenyewe. Naye wakamuua.

Wale vijana walifika Goa Mei 1587. Sisemi walikiona kile kichwa. Nasema tu kwamba walikuwa abiria wa kampuni moja na wauaji wetu, tofauti ni meli waliyopanda.

Sasa mnaniuliza, mwanangu, haya yote na chakula yanahusiana vipi? Subiri.

Mwaka jana nilialikwa Nairobi kwenye mkahawa wa Kijapani, ile aina ya mahali ambapo taa ni hafifu na mhudumu anaongea kama yuko msibani. Sitautaja. Tuliketi kwenye kaunta ya mbao, mpishi yuko mbele yetu, karai ndogo ya shaba, mafuta masafi kama maji. Anachovya kamba mmoja kwenye rojo jepesi la unga, anamtia kwenye mafuta, anasubiri, anamtoa, anakuwekea mbele yako. Mmoja. Halafu biringani. Halafu kiazi kitamu. Halafu kipande cha samaki mweupe. Kila kimoja unakila hapo hapo kikiwa moto, na chumvi kidogo au na kile kimchuzi chao kinachoitwa tentsuyu chenye figili nyeupe iliyokunwa. Ni kitamu, sitawadanganya. Ganda lake ni jembamba, linavunjika ukiligusa kwa jino, na kamba ndani bado ana maji yake.

Siri yenyewe si kubwa. Unga wa ngano usio na nguvu nyingi, yai, maji baridi sana, na usikoroge mpaka ukalainika. Wacha mabonge. Ukikoroga sana unga unakuwa na utomvu, ganda linakuwa zito kama la mandazi. Mafuta yawe na moto wa nyuzi 170 mpaka 180 hivi. Wapishi wakubwa wa Tokyo huchanganya mafuta ya ufuta, na wanasema husikiliza sauti: povu likiwa kubwa na kelele nyingi, maji bado yamo, sauti ikiwa nyembamba, toa.

Tokyo kuna mikahawa ya tempura yenye nyota za Michelin. Viti vichache, unaketi mbele ya mzee mmoja aliyekaanga maisha yake yote, na mlo wa jioni unaweza kupita yeni 20,000, karibu shilingi 17,000 zetu. Watu wanaweka nafasi wiki nyingi mbele ili wakale kitu kilichochovywa unga.

Mimi nimekulia Lamu. Kuchovya kitu kwenye unga na kukitia kwenye karai naona kila jioni, kwa shilingi hamsini.

Ndipo nikaanza kusoma. (Ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili. Kusoma sijaacha.) Na nilichokipata ndicho kilichonifanya niandike.

Tempura haikutoka Japani. Ililetwa Nagasaki na Wareno, karne ya 16. Njia yao ya kwenda kule ilipita kwetu. Padri Francis Xavier, yule aliyefikisha Ukristo Japani mwaka 1549, alisimama Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, akaongea na Waislamu wa pale. Bandari ya Nagasaki ikafunguliwa kwa meli za Wareno 1571. Na Wareno walikuwa na desturi yao ya kukaanga samaki na mboga kwenye unga. Mpaka leo Ureno kuna chakula kinaitwa peixinhos da horta, visamaki vya bustanini, na si samaki hata kidogo, ni maharagwe mabichi yaliyochovywa unga yakakaangwa.

Kwa nini maharagwe? Kwa sababu ya kufunga. Wakatoliki walikuwa na siku zao za kujinyima nyama mara nne kwa mwaka, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na kwa Kilatini majira hayo yaliitwa tempora. Wengi wanasema jina la tempura limetoka hapo. Wengine wanasema limetoka neno la Kireno tempero, yaani kiungo. Mi nimechagua la kufunga, na nitawaambia kwa nini tukifika Ramadhani.

Sasa tazama Wajapani walivyofanya. Mwaka huo huo wa 1587, mtawala wao Hideyoshi akatoa amri mapadri waondoke. Vijana wanne walirudi nyumbani 1590, wakakuta hali imeanza kuharibika. Nakaura aliuawa Nagasaki 1633 kwa ajili ya dini yake. Mwaka 1639 Wareno wakafukuzwa kabisa, mlango ukafungwa. Lakini karai haikufukuzwa. Kuna hadithi mashuhuri kule kwamba Tokugawa Ieyasu mwenyewe, mwenye nchi, mwaka 1616 alikula samaki wa kukaanga kwa mtindo mpya uliokuwa umeshika, akaugua, na miezi michache baadaye akafa. Madaktari wa leo wanasema huenda ilikuwa saratani ya tumbo. Lakini hadithi imeshika, na sehemu yake ninayoipenda ni kwamba kilichotajwa kwenye kifo cha mtu mkubwa kuliko wote Japani ni samaki wa karai.

Halafu ikateremka mtaani. Edo, mji ambao leo ni Tokyo, ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja karne ya 18, nyumba za mbao, moto kila mara. Kukaanga kwa mafuta mengi ndani ya nyumba ilikuwa hatari, kwa hivyo watu walikaanga nje, vibandani, kando ya barabara na karibu na madaraja. Vibanda hivyo waliviita yatai. Samaki na kamba wa ghuba ya Edo, kwenye kijiti, unachovya kwenye mchuzi wa pamoja, unalipa sarafu chache za shaba, unaenda zako. Kilikuwa chakula cha wabeba mizigo, mafundi, watu wa harakaharaka. Kuna picha iliyochorwa zama zile inaonyesha samurai kibandani akila tempura huku amejifunika kichwa na uso. Ameona haya! Mtu wa heshima hali chakula cha kibandani.

Nilipoiona ile picha nilicheka peke yangu, manake najua watu hapa Lamu wanaotuma mtoto na mfuko mweusi akawanunulie viazi vya karai ili wasionekane wamesimama pale. Mnajijua.

Kutoka kibandani mpaka kaunta ya nyota za Michelin ni kama miaka mia mbili na kidogo. Rojo halikubadilika kiasi hicho, wala kamba hakubadilika. Waliobadilika ni watu waliokubali kuketi na kutazama. Walianza kumwita mkaangaji fundi, wakaandika jina lake, wakaandika alijifunza kwa nani, wakampa kiti cha heshima upande wa pili wa karai. Bei ikafuata.

Na sisi je, Mreno alituachia nini? Tumekaa naye muda mrefu kuliko Wajapani. Waliingia pwani hii na Vasco da Gama 1498, na hawakutolewa Fort Jesus mpaka Desemba 1698, Waomani walipoiteka. Miaka 200 kamili. Tukabaki na maneno: meza, bendera, leso, kopo, mvinyo, nanasi. Karata pia, na hili ni tamu: Wajapani nao wana karuta, neno lile lile la Kireno, karatasi zile zile za kuchezea. Ina maana baharia mmoja angeweza kucheza karata Mombasa na karuta Nagasaki bila kubadilisha neno.

Na tukabaki na gereza. Neno limetoka igreja, ambayo kwa Kireno ni kanisa. Fikiria jinsi watu walivyowaona hata neno la nyumba yao ya ibada likageuka kuwa pahali pa kufungia watu.

Msije mkaniambia nimesema bajia ni mtoto wa Mreno. Sijasema. Bajia ni jina la Kihindi, karai ni jina la Kihindi, na waliotuletea ni wafanyabiashara wa upande wa Gujarat waliokuja na kaskazi karne nyingi. Lakini angalia ndani ya bajia yenyewe. Pilipili ilitoka Amerika, na Wareno ndio walioivusha bahari. Kiazi kilichomo kwenye viazi vya karai, Amerika pia. Manjano ya Kihindi. Kunde ni ya Afrika, hiyo yetu kabisa. Tui la nazi kwenye chatne, ukwaju, ndimu. Sahani moja ya shilingi hamsini imebeba bahari mbili. Wangekuwa Wajapani wangeshaiandikia vitabu.

Niwaelezee kidogo kwa wale wa Nairobi mnaodhani bajia ni viazi tu. Bajia za kunde zinaanza usiku. Kunde zinaloweshwa, asubuhi zinasuguliwa mpaka maganda yatoke, yanaelea yanamwagwa, na hii ndiyo kazi inayoumiza mgongo. Zinasagwa, zinatiwa kitunguu, thomu, pilipili mbichi, kotimiri. Rojo linapigwa kwa mkono mpaka liingie hewa, lionekane jepesi. Hapo ni kinyume kabisa cha tempura: wao wanaogopa kukoroga, sisi tunapiga mpaka mkono ufe ganzi. Usipopiga, bajia inakuwa jiwe. Viazi vya karai ni jambo lingine: kiazi kimeshachemshwa, kinachovywa kwenye unga wa ngano wenye manjano na chumvi, kinakaangwa mpaka kishike rangi ile ya jua la magharibi, halafu unamwagia ukwaju. Unga wa ngano, kitu ndani, mafuta mengi. Sasa niambie tempura ni nini.

Na Ramadhani ndiyo naipenda ile maana ya kufunga. Baada ya Alasiri, ukipita Mkunguni, mbele ya ngome, na kuteremka usita wa pwani, karai zimepangwa. Bajia, sambusa, katlesi, kaimati, viazi vya karai, samaki. Chakula ambacho jina lake Japani lilitokana na siku za mfungo wa watu fulani, kwetu kinashamiri siku za mfungo wa watu wengine. Na ile ngome nyuma yao, iliyojengwa baina ya 1813 na 1821, ilitumika kama gereza mpaka 1984. Mtu anakaangia bajia mbele ya lililokuwa gereza. Siongezi neno.

Wanaokaanga wengi ni wanawake. Nenda kaulize: ada ya shule imetoka hapo, dawa ya mzee imetoka hapo, tiketi ya kijana aliyeenda Ghuba kutafuta kazi imetoka hapo. Mtu amefanya kazi ile ile miaka thelathini, lakini ukimuuliza mtoto wake "mamako hufanya kazi gani?" atakujibu "hafanyi kazi, anauza bajia tu". Hiyo *tu* ndiyo ninayogombana nayo.

Jamaa yangu anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa visiwani, nayo sitaitaja. Kwenye menyu yao kuna "tempura ya mboga". Nikamuuliza nani aliwafundisha. Akaangalia huku na huku, akasema, "Bro, mamangu." Kumbe meneja alitaka tempura, mpishi mkuu hakuwepo, yeye akatoa rojo la viazi vya karai vya mamake, akaondoa manjano, akatia maji ya barafu. Wageni wakasifu. Bei yake kwenye menyu ni mara kumi na nane ya sahani ya mamake, na mamake hajawahi kuketi kwenye ule ukumbi. Mi sina ubaya na hoteli, zinatulisha wengi hapa. Nataka tu muione ile safari: rojo limevuka mkondo kwa boti dakika kadhaa, likabadilishwa jina, likapanda bei mara kumi na nane. Wajapani ilibidi wasubiri miaka mia mbili.

Kuna jambo jingine kuhusu kamba wenyewe, manake bila kamba hakuna tempura ya kupiga picha. Yule mhudumu wa Nairobi aliniambia kwa fahari kuwa kamba wao wanatoka pwani ya Kenya. Kamba wengi wa nchi hii wanavuliwa Ghuba ya Ungwana, kusini yetu kidogo, kule Mto Tana unapomwaga maji yake Kipini. Wavuvi wadogo na meli za kukokota nyavu wamegombania ghuba ile miaka, mpaka 2006 serikali ikazisimamisha zile meli kwa muda. Na huku kwetu, upande wa Manda, ikaja bandari. Waliofanya upembuzi wa mradi wa LAPSSET ni Japan Port Consultants, Wajapani hao hao, dunia ndogo. Wachimbaji wakachimba, mikoko ikang'olewa, matumbawe yakafunikwa tope. Wavuvi wakaenda kortini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021.

Nawatajia hayo kwa sababu mtu akisema "chakula cha kitamaduni kihifadhiwe" huwa anafikiria sahani. UNESCO waliandikisha Mji wa Kale wa Lamu 2001: majumba ya mawe, milango ya kuchonga, na bado ukitaka kubadilisha dirisha utaulizwa. Lakini samaki akikosekana Manda hakuna anayekuuliza, na mama akizima karai kwa sababu mafuta yamepanda bei, hakuna ubao wa shaba utakaowekwa pale aliposimama. Mapishi yanaondoka naye. Edo ilipogeuka Tokyo, na tetemeko kubwa la 1923 lilipouangusha ule mji, wakaangaji wa tempura walitawanyika nchi nzima na ufundi wao wakaufungulia vibanda kwingine. Wetu wakitawanyika wanaenda kufanya kazi za ndani Saudia.

Kwa hivyo nimeanza kitu. Simu yangu, kipaza sauti cha kuazima, na orodha ya wakaangaji kumi na mmoja kutoka Langoni mpaka Shela, na mmoja Faza nikipata nauli ya boti. Nawauliza maswali yale yale ambayo watu wa Tokyo humuuliza mzee wao pale kaunta. Ulijifunza kwa nani? Yeye alijifunza kwa nani? Unajuaje mafuta yameiva? Kwa nini kunde hizi na si zile?

Wa kwanza nimemwendea juzi baada ya Alasiri. Nikatoa salamu, nikamweleza, nikamwonyesha kwenye simu video ya yule fundi wa Tokyo na karai yake ya shaba. Akaitazama mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Akauliza, "Huyu kamba mmoja mmoja, wateja hawamgombezi?" Nikamwambia wanalipa elfu kumi na saba. Akanyamaza. Akachukua tone la rojo kwa kidole, akalidondosha kwenye mafuta, akainamisha kichwa upande kidogo, akapunguza makaa.

Amekubali. Masharti ni mawili: uso wake usionekane, mikono tu, na kila siku nikija na simu yangu ninunue za shilingi mia mbili kabla sijawasha chochote.